MAZUNGUMZO YA AKINA MAMA: Kamera ya Zamani na Kamera Mpya

Mwezi huu nimepokea barua kutoka Tabora iliyonifurahisha. Wengi wenu huniandikia juu ya watoto, wakwe na ada za shule, na ni vizuri. Lakini mama huyu ameniandikia juu ya kitu anachokipenda yeye mwenyewe, na jambo hilo ni adimu kwetu.

Mama huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, ana watoto wanne, na hupenda kupiga picha. Hafanyi biashara. Kaka yake alimpa kamera aina ya Canon EOS 1000D, kamera iliyotoka mwaka 2008, pamoja na lenzi yake ile ya kawaida ya milimita 18 hadi 55. Siku za Jumamosi, kazi za nyumbani zikiisha, huenda nayo Kwihara, au kwenye miembe mikongwe, au kwa vikongwe wa mtaa wake, akapiga picha. Sasa ameona kamera mpya zaidi, Canon EOS 2000D, na kwenye kikundi chao cha vikoba ameweka akiba ya kutosha. Mume wake anasema simu inatosha. Mama anauliza mambo mawili: je, anunue? Na je, ni vibaya akiinunua kimya kimya, amwambie baba watoto baadaye?

Nitajibu maswali yote mawili, kwa sababu yanawahusu wengi. Mwingine tamaa yake ni cherehani mpya, mwingine jiko la kuokea mikate. Mashauri ni karibu yale yale.

Je, ni anasa?

Kwanza tuseme ukweli. Baba akienda kutazama mpira au kucheza bao jioni, hakuna anayemwita kikao. Mama akitaka saa mbili za kushika kamera, anaulizwa zitaleta nini. Ndugu zangu, moyo wa mama nao unahitaji mahali pa kupumzika. Mama aliyepumzika huwatazama watoto wake kwa jicho jema zaidi.

Tena kazi ya mama huyu ina thamani kuliko anavyodhani. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu na mizigo ya kila namna, na watumwa walipitishwa njia hiyo hiyo wakiwa wamefungwa. Burton na Speke walifika mwaka 1857, wakati mji ukiitwa Kazeh. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872, na tembe walimokaa leo ni makumbusho. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na miguu ya wapagazi ikapumzika.

Lakini angalia jinsi tulivyo na picha chache za mambo hayo. Mwaka 1860 Speke alirudi safari ya pili pamoja na mwenzake Grant, nao walichukua kamera. Zamani hizo mpiga picha alilazimika kujifungia ndani ya hema dogo lenye giza, na dawa zake, kila alipotaka picha. Joto likawa kali mno, na Speke akaona kwamba kazi hiyo ingemwua mwenzake. Kamera ikarudishwa pwani kabla hawajafika Tabora, na Grant akaendelea kwa kuchora kwa mkono. Hivyo mji ulipokuwa katika shughuli zake nyingi, kamera iliyokusudiwa kuuona haikufika.

Fikiria pia habari ya Halima, mpishi wa Livingstone. Livingstone mwenyewe alimtaja katika maandishi yake. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na Chuma walikuwa miongoni mwa waliobeba mwili wake hadi pwani, wakapita Kwihara. Mwaka uliofuata wanaume hao wawili walifika Uingereza, wakapigwa picha, na sura zao tunazo mpaka leo. Halima hakupelekwa huko. Wanawake wengi walitembea njia ile wakiwa na vyungu kichwani na watoto mgongoni, na wengi wao hata majina yao hayakuandikwa.

Kwa hiyo mama anayempiga picha bibi wa miaka tisini akitwanga au akisuka ukili, kisha akaandika jina lake nyuma ya picha, hachezi. Anawafanyia wajukuu kazi ambayo wengine hawakuwafanyia akina Halima. Nyumba za udongo huanguka kila masika, na wazee nao hawatungoji.

Hiyo ndiyo sababu ya kupiga picha. Lakini sababu ya kupiga picha na sababu ya kununua kamera mpya ni vitu viwili tofauti. Tusivichanganye.

Kamera mpya itakupa nini?

Wahenga walisema: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kitu kipya hupendeza macho kabla hakijafanya kazi. Basi tuziweke kamera hizi mbili mezani na kuzipima.

Muuzaji atakutajia kwanza megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazojenga picha. Kamera ya zamani ya mama huyu ina milioni 10. Ile mpya ina milioni 24. Inasikika kama tofauti kubwa sana. Lakini picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 inayowekwa kwenye albamu inahitaji nukta zaidi kidogo ya milioni 2 tu ili iwe safi. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 inahitaji karibu milioni 9. Kamera ya zamani inatoa picha safi ya sentimita 33 kwa 22, kupita karatasi ya A4. Ile mpya itatoa ya sentimita 51 kwa 34. Sasa jiulize: ni lini mara ya mwisho ulichapisha picha ya ukubwa huo, na utaitundika ukuta gani? Nukta nyingi humsaidia anayependa kukata picha, kwa mfano apige ndege aliye mbali, kisha abakize ndege peke yake. Kama hufanyi hivyo, nyingi kati ya hizo nukta zitakaa bure.

Jambo la pili ni mwanga, na hapa kamera mpya ina faida ya kweli. Uwezo wa kamera kuona mahali penye giza hupimwa kwa namba ziitwazo ISO. Kamera ya zamani inaishia 1600. Ile mpya inafika 6400, yaani inaweza kupiga picha kwa mwanga ulio robo tu ya ule inaouhitaji ya zamani. Kwa mtu anayepiga picha ndani ya tembe lenye madirisha madogo, au kanisani wakati wa ibada ya jioni, hilo si jambo dogo.

Jambo la tatu ni sinema na kutuma picha. Kamera ya zamani haichukui picha za kutembea kabisa. Ile mpya inachukua pamoja na sauti, na inaweza kutuma picha kwenye simu bila waya. Kama unataka kuhifadhi sauti ya bibi akisimulia, hiyo ni sababu nzuri. Lakini hapo simu ya baba watoto nayo inaweza. Tumpe haki yake.

Sasa upande wa hasara, ambao muuzaji hautaji. Betri za kamera hizi mbili hazifanani, kwa hiyo betri yako ya akiba na chaja yake havitafaa. Na kama una flashi ya zamani ya kuchomeka juu ya kamera, jihadhari: mahali pa kuchomekea flashi pa 2000D hapana ile pini ya katikati ambayo flashi nyingi za zamani huitegemea. Flashi itakaa juu yake vizuri, ila haitawaka. Habari njema ni kwamba lenzi yako ya zamani itaingia na kufanya kazi bila shida.

Lenzi kabla ya kamera

Hapa ndipo penye shauri langu kubwa, na naomba mlisikilize vizuri. Kinachoingiza mwanga ndani ya kamera ni lenzi. Lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta hadi mwisho ili upate sura ya mtu, mlango wake wa mwanga hufunguka kidogo tu, namba 5.6. Canon wana lenzi nyingine ndogo ya milimita 50, ambayo haivuti wala hairudi, lakini mlango wake hufunguka hadi namba 1.8. Katika namba hizi, iliyo ndogo ndiyo yenye mlango mpana. Ukilinganisha, lenzi hiyo ndogo huingiza mwanga zaidi ya mara nane.

Fanyeni hesabu akina mama. Kamera mpya itakuongezea uwezo wa gizani mara nne. Lenzi ndogo juu ya kamera ile ile ya zamani itakuongezea mara nane. Na lenzi hiyo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za kampuni hiyo. Tena siku ukinunua kamera mpya ya aina hiyo, lenzi utahama nayo.

Ina udhaifu wake, nisiwafiche. Haioni eneo pana, kwa hiyo katika chumba kidogo utagonga mgongo ukutani kabla familia nzima haijaingia kwenye picha. Na ukifungua mlango wote, macho ya bibi yatakuwa safi lakini masikio yatafifia. Kwa sura ya mtu mmoja, hilo ni pambo. Kwa kikundi cha watu kumi, ni kasoro. Funga mlango kidogo hadi namba 4 au 5.6, na usogee mbali.

Mchagua jembe si mkulima. Mohamed Amin, mpiga picha wa Afrika Mashariki ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia nzima, alianza akiwa mtoto na kamera ndogo ya Box Brownie, ambayo ni kama boksi lenye tundu na kioo. Alijifunza kwanza kuona. Vyombo vikubwa vilikuja baadaye.

Basi ni lini ubadili? Naona dalili tatu. Kwanza, umeshajua kutumia kila kibonye cha kamera uliyo nayo, na bado kuna picha unayoijua kabisa ambayo inakushinda kwa sababu ya chombo. Pili, kamera imeanza kufa, na fundi anasema gharama ya kuitengeneza ni kubwa kuliko thamani yake. Tatu, fedha ipo bila kugusa ada, chakula wala matibabu. Zikikutana mbili kati ya hizi, na ya tatu iwe mojawapo, nunua kwa amani.

Ukinunua iliyotumika

Tangu mwaka 2018 kampuni za Canon na Nikon zimeelekeza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani. Kwa hiyo watu wengi huko mijini wanauza kamera zao za kioo zikiwa bado nzima. Kwa mama asiyetaka fahari, hii ni nafasi njema. Lakini nenda na macho mawili.

Mulika lenzi kwa tochi na utazame ndani. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, usiinunue. Piga picha ya anga au ya karatasi nyeupe kwa mlango mdogo, namba 16, kisha ikuze: madoa meusi yasiyohama ni vumbi juu ya kipokea mwanga. Madoa husafishika, lakini mikwaruzo haitoki. Ingiza kadi yako na kuitoa mara kadhaa. Bonyeza kila kibonye. Piga picha ishirini mfululizo. Uliza shata, yaani lile pazia linalofunguka na kufunga kila picha, imefunguka mara ngapi. Katika kamera nyingi za bei nafuu hutarajiwa kufika mara laki moja au chini ya hapo. Na dai risiti yenye namba ya kamera, usije ukanunua mali ya wizi.

Vumbi na mvua

Tabora ina adui wawili wa kamera. Kiangazi ni vumbi. Usibadilishe lenzi barabarani wala ndani ya basi. Zima kamera, ielekeze chini, badili haraka. Usipulize ndani kwa mdomo, kwa sababu mate huharibu kuliko vumbi. Tumia kipulizio cha mpira. Masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, adui ni unyevu. Usiache kamera ndani ya mkoba wa ngozi kabatini, humo ndimo kuvu inamoota. Iweke ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uitoe mara kwa mara ipate mwanga. Kamera ya zamani iliyotunzwa hivi itaishi kuliko mpya iliyotupwa juu ya kabati.

Fedha na baba watoto

Sasa swali la pili. Mpendwa, usinunue kimya kimya. Najua fedha ni yako, umeiweka kidogo kidogo, haba na haba hujaza kibaba. Lakini kamera si khanga ya kuficha sandukuni. Siku itaonekana, na siku hiyo baba watoto hatauliza juu ya kamera. Atauliza ni mambo mangapi mengine asiyoyajua. Furaha yako yote itageuka kuwa utetezi.

Zungumza naye, na chagua saa. Usizungumze naye Januari wakati wa ada, wala akiwa amerudi kazini na njaa. Usianze na kamera, anza na picha. Chagua picha kumi ulizopiga, zipeleke studio zikachapishwe, umwekee mezani. Mojawapo iwe ya mama yake mzazi. Mwanamume anayesema simu inatosha, mara nyingi hajawahi kushika mkononi picha zako. Ameziona tu kwenye kioo kidogo nyuma ya kamera. Kisha mwonyeshe hesabu yako: hii ni ada, hii ni akiba ya ugonjwa, na hii iliyobaki ndiyo ninayoiomba tuizungumze. Akisema tungoje miezi sita, ngoja. Lakini na yeye akubali kwamba miezi sita ikiisha, neno lake litasimama.

Na wewe baba unayesoma ukurasa huu kwa siri, usicheke. Mkeo ameomba ruhusa ya kukumbuka watu wako.

Jambo moja zaidi. Ukionekana na kamera kubwa, jirani atakuomba umpigie picha za harusi bure, na shemeji za ubatizo. Amua mapema. Kama ni burudani yako, sema kwa upole kwamba wewe si mpiga picha wa kazi. Kama unakubali malipo, taja bei kabla ya siku. Na usipige picha ya mtu mzima bila kumwomba, wala kambi za jeshi, hata kama mti wake ni mzuri.

Picha zisikae gizani

Mwisho, nimjibu mama wa Tabora kwa neno moja: bado. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nunua lenzi ile ndogo kwa sehemu ya akiba, na iliyobaki iache kwenye vikoba izae. Kwa mwaka mmoja, chapisha picha mbili kila mwezi, nyuma yake uandike jina la mtu, mahali na tarehe. Picha moja mpe mwenyewe, ya pili weka kwenye albamu. Mwaka ukiisha utakuwa na sura kumi na mbili za watu wa mji wako, na utajua kwa hakika kama kamera yako ya zamani imekushinda au la. Ikiwa imekushinda, nunua mpya mchana kweupe, na ile ya zamani mpe binti yako. Afundishwe kuona akiwa angali mdogo.

Ila kwa yule bibi aliye mgonjwa uliyemtaja mwishoni mwa barua yako, usingoje lenzi wala ruhusa. Mtoe kivulini mlangoni saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea, mweke ubavu kwa mwanga, na umpige kwa hiyo hiyo uliyo nayo. Mwanga huo hauuzwi dukani, na kamera yako inautosha. Nenda wiki hii.

Wengine mnaopenda picha, niandikieni mnavyofanya. Mwezi ujao tutazungumza juu ya asali ya miombo: jinsi ya kuijua iliyo safi, na jinsi ya kuiweka isiharibike.